Nauli ya Kwenda Tu

Juzi binti yangu aliketi kwenye kochi, miguu juu, akawa anatafuta njia rahisi ya kwenda Kampala na wenzake wa chuo. Alibonyeza simu, mabasi yakajipanga: hili linaondoka asubuhi, hili lina choo, hili bei yake imeshuka. Dakika tano hazikuisha, ameshachagua kiti cha dirishani na kurudia uji wake. Nilimtazama nikacheka peke yangu. Sisi kazi hiyo hiyo ilituchukua wiki mbili, ikaingiza ploti nzima katika mabishano, na mimi ikanifanya nigawe mali yangu yote duniani.

Tulikaa Mowlem, Nairobi, kwenye ploti ya vyumba vilivyotazamana, bomba moja katikati na kamba za nguo juu yake. Sisi tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo sikuwa na huzuni naye, nilikuwa na udadisi tu. Mama alipakia biskuti kiwandani. Jioni akifungua mlango chumba kilijaa harufu ya vanila, nami nilikimbilia mfuko wake kutafuta zile zilizovunjika, kwa sababu wafanyakazi waliruhusiwa kubeba zilizovunjika. Nina hakika kuna siku alizivunja mwenyewe.

Simu ilipigwa kwenye kioski cha jirani. Aliyepiga alikuwa Mjomba Wandera, ndugu pekee wa mama. Aliondoka kwao Busia akiwa kijana, akaenda kufanya kazi Kampala, akaoa Muganda, akazeekea huko. Sasa binti yake Nabwire alikuwa anaposwa, na kwa kina mkewe jambo hilo lina siku yake kubwa inayoitwa kwanjula. Siku hiyo upande wa bwana hufika na vikapu vya zawadi, na mtu mmoja huingia kati ya wageni, akamtafuta bwana harusi, akamvisha ua na kumtoa mbele ya watu. Mtu huyo ni senga, yaani shangazi wa bibi harusi, dada ya babake. Senga asipokuwepo shughuli haiendi. Na Mjomba alikuwa na dada mmoja tu duniani, mpakiaji wa biskuti.

Kulikuwa na jambo jingine. Miaka yote aliyokaa kule, wakwe zake walimtania kwamba yeye hana kwao, kwamba aliota tu kando ya barabara kama muhogo. Walikuwa wanacheka, naye alicheka nao, lakini utani ukirudiwa miaka ishirini huacha kidonda. Shughuli ilipangwa Jumamosi, na ikiwa saa sita mchana mama hangekuwa ametokea, wangeazima mwanamke yeyote wa ukoo wa mke awe senga. Mama alisema hivi kwa Mama Achieng, jirani yetu wa mlango wa pili: "Aazimiwe dada na mimi niko hai? Heri nitambae."

Haya yote nayasimulia kwa utaratibu kwa sababu leo nayajua. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa, na habari za watu wazima nilizipata kwa vipande, nikiwa nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu. Nilisikia Mama Achieng akisema, "Bila wewe hakuna harusi." Nilisikia, "Utaingia, watu wote wakutazame." Siku iliyofuata Mama Achieng akaleta gomesi, lile gauni la Kiganda lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana, rangi ya kijani inayong'aa, na mama akalivaa mbele ya kioo cha kabati akijigeuza huku na huku. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Mama alikuwa anaolewa.

Ndipo yakaanza mabishano ya njia. Kiwanda kilimpa mama ruhusa ya Ijumaa na Jumamosi tu, hata saa moja zaidi hawakutoa. Kwa hiyo swali lilikuwa: mtu mwenye mfuko mwembamba ataondoka Nairobi lini, na kwa chombo gani, hata awe Kampala kabla ya saa sita Jumamosi? Kila jirani alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na mwenyewe aliyelitetea kama kesi ya mahakama ya Makadara.

Baba Mwende, Mkamba aliyeendesha matrela, alikuwa wa kwanza. "Mama Nafula, ya nini kujisumbua? Wiki hiyo napeleka kontena Kampala. Keti mbele hapo na mtoto, bure kabisa."

"Safari ya mwisho ulikaa mpakani Malaba siku ngapi?"

"Siku nne. Lakini hiyo ilikuwa foleni mbaya."

"Basi nikifika nitamkuta bibi harusi ananyonyesha."

Watu wakacheka bombani; mimi sikuwepo, nilisimuliwa baadaye. Jirani wa chumba cha mwisho, aliyewahi kufanya kazi ya reli, alisema hakuna cha bei nafuu kama garimoshi, daraja la tatu, unalala na unaamka Kampala. Alikumbushwa kwamba garimoshi la abiria liliacha kwenda huko zamani. Akasema hilo si kosa la garimoshi.

Mimi nilikuwa na chaguo langu. Jumamosi moja mama alinipeleka mjini kuzunguka ofisi za mabasi, na katika ofisi moja niliona picha ya basi refu lenye mapazia mekundu. Linakwenda moja kwa moja, hushuki, hubadilishi, unahudumiwa soda. Nilisimama mbele ya picha ile nikamwona mama ndani yake, amevaa gomesi, anapunga mkono. Lakini mama alikuwa anauliza swali moja tu kila dirisha.

"Kwenda tu ni ngapi?"

"Na kurudi, mama?"

"Ya kurudi sitaki."

Leo najua sababu. Mama Achieng alikuwa mchuuzi wa vitenge, Kampala alikwenda kila mwezi, na alimfundisha kwamba tiketi ya kurudi hununuliwa kule kule, kwa pesa ya kule, ni rahisi zaidi. Lakini mimi nilikuwa nimeshika sketi ya mama, nikasikia kwa masikio yangu mawili: ya kurudi sitaki. Moyo ulinipiga mpaka nikaogopa karani atausikia. Tulikuwa tunahama! Nilikuwa napata baba!

Sikumuuliza mama neno. Kwanza, kwetu mtoto hakuulizia mambo ya wakubwa; sababu ya pili nitaisema mwishoni. Nikaanza kumtengeneza yule baba kichwani. Nilimpa gari jeupe na mwanya. Nilimpa sauti nzito na tabia ya kununua ndizi mkungu mzima badala ya mbili mbili. Kila usiku nilimwongezea kitu, na kila asubuhi niliamka nikiwa na furaha ya kichaa, furaha ya mtu anayejua siri tamu kuliko watu wote wa ploti.

Siri yenyewe haikukaa siku tatu. Nilimwambia Mwende, binti wa yule dereva wa matrela, rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

"Niaje, ati mnahama?" Mwende akauliza.

"Mathee anaolewa Kampala."

"Wee! Apa."

"Haki ya Mungu."

Mwende alinisogelea. "So utakuwa na buda, baba yako mwenyewe?"

"Eeh. Na ako na gari."

"Umemwona?"

"Bado."

"Sawa. Sasa hiyo blada yako si unipee? Huko utaruka na nani?"

Wasichana wa rika langu wanajua blada ni nini: ile kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu za baiskeli, ikafungwa kipande kwa kipande, tukairuka hadi magoti yakachubuka. Yangu ilikuwa ndefu kuliko zote za Mowlem. Nikampa. Nikagawa na bano zangu kumi na moja, zile gololi za kioo, na vikopo vyangu vya kupikia kalongolongo, mchezo wetu wa baba na mama, na cheo changu cha kuwa mama kwenye mchezo huo, ambacho wasichana wawili walikipigania kwa makofi. Alhamisi, siku moja kabla ya safari, nilimwambia mwalimu wa darasa kwamba nahamia Uganda. Alinipiga picha ya mwisho kwa macho tu, maskini, akaliamuru darasa liniimbie wimbo wa kuagana. Nilisimama mbele, mikono nyuma, nikaimbiwa. Sijawahi kupewa heshima kama ile tena, hata nilipohitimu.

Mwishowe mama alichagua njia ya Mama Achieng. "Basi la moja kwa moja ni la watu wa mishahara," alisema Mama Achieng akihesabu kwa vidole vituo, si pesa. "Sisi huunganisha. Panda basi la Busia Ijumaa alfajiri. Lala kwa binamu yako. Jumamosi mapema vuka kwa miguu, ng'ambo chukua teksi yao, ni kama matatu zetu tu, usidhani ni ya mtu mmoja. Saa nne na nusu uko Kampala unakunywa chai." Ilikuwa karibu nusu ya bei ya mapazia mekundu.

Mimi nilitahayari. Bibi harusi avuke mpaka kwa miguu na begi kichwani?

"Mama, tupande lile la mapazia. Watu watatuona."

"Watu gani?"

"Wa huko."

"Watuone. Kwani miguu nimeiba?"

Safari ya Ijumaa siwezi kuimaliza kuisimulia. Nilikuwa sijawahi kwenda mbali zaidi ya mjini, au soko la Kiamaiko kununua matumbo. Niliona Bonde la Ufa likifunguka chini ya barabara nikapiga kelele, basi zima likageuka. Niliona majani ya chai ya Kericho yamepangwa kama nywele zilizotoka kusukwa. Nilikula mahindi ya Nakuru, karanga za Kericho na samaki wa Kisumu, na mama, ambaye nyumbani aligawa yai moja mara mbili, siku hiyo hakunikataza kitu. Nilijiambia haya ndiyo maisha yetu mapya, yameanza.

Asubuhi ya Jumamosi tulikuwa mpakani kabla jua halijakaza. Kulikuwa na baiskeli, wanawake wenye mikungu, malori yaliyolala pua kwa mkia, na mbele yetu, hatua chache tu, Uganda. Foleni ilikwenda haraka. Mama alitoa kitambulisho chake na cheti changu cha kuzaliwa. Afisa alikuwa mwanamke mwenye sweta ya bluu na uso mpole. Aliandika, akainua macho, akanitabasamia.

"Na wewe kadogo, mnaenda wapi?"

Hakuna swali nililotamani kuulizwa kuliko hilo. "Kampala. Mama anaenda kuolewa."

"Ala! Hongera. Na mtarudi lini?"

"Haturudi. Hata tiketi ya kurudi hatutaki."

Kalamu yake ilisimama. Alimtazama mama, akatazama cheti changu, akamtazama mama tena. "Mama, hebu kaeni hapo kando kidogo."

Kumbe mtoto hatolewi nchini hivi hivi. Baba yake yuko wapi? Amekubali? Barua yake iko wapi? Mama akasema baba alishafariki. Cheti cha kifo? Kiko Nairobi, ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Unaolewa na nani? Siolewi. Mtoto amesema. Mtoto amekosea. Watoto hawakosei mambo ya nyumbani, mama.

Afisa hakuwa mbaya, na leo mimi mwenyewe mzazi ningemshukuru. Lakini jua lilikuwa linapanda, foleni ilitupita, na ng'ambo tulisikia makondakta wakiita Kampala, Kampala, gari linajaa, linaondoka, linaanza jingine. Mama alinigeukia. Nilitarajia kofi. Alikuwa na mshangao tu.

"Nafula, nani alikwambia mimi naolewa?"

Nikaelekeza kidole kwenye begi. "Si umebeba gauni."

Aliinamia begi lile. Kisha akalifungua, akatoa gomesi na kadi ya mwaliko, akamweleza afisa kila kitu: Wandera, Nabwire, senga, ua, saa sita. Aliponyamaza nilikuwa nimeelewa yote. Mwanamke mmoja wa ndizi, aliyevuka pale kila siku, akadakia, "Afande, huyo ni senga. Ukimkalisha hapa, watu wote kule hawatapewa chakula."

"Kadi mtu yeyote anaweza kubeba," afisa akasema. "Mtoto ndiye alisema, na mtoto ndiye nitamsikiza." Akachutama mbele yangu, magoti yake yakalia. "Sema ukweli. Nani anaolewa?"

Nawaambieni, nilichelewa kujibu. Nilikuwa najua ukweli sasa, lakini yule mtu mwenye mwanya alikuwa bado yupo kichwani mwangu, ameegemea gari lake jeupe, ananingoja. Nilihisi kwamba nikisema tena ni mama, labda itakuwa kweli, na nikisema ukweli, ni mimi nitakayemfuta. Mama hakunikonyeza. Alisimama ameshika gauni la kijani mikono miwili, akaniachia uamuzi.

"Ni Nabwire," nikasema. "Mtoto wa mjomba. Mama ni senga yake. Asipofika watasema mjomba hana kwao."

"Na mtarudi?"

"Kesho. Jumatatu nina shule." Hapo ndipo nilipoangua kilio, kwa sababu nilikumbuka darasa zima lilivyoniimbia.

Afisa alipiga muhuri mara mbili, kwa nguvu. "Kimbieni."

Tulikimbia kweli. Tuliingia Uganda mbio, mama na begi kichwani, mimi na viatu mkononi. Huzuni ya mtoto haina nguvu mbele ya mbio. Teksi iliyokuwa imebakiza nafasi mbili ilitumeza, na Iganga ilipofika nilikuwa nacheka. Daraja la Jinja nililivuka nimesimama, nikaona mto Nili kwa macho yangu, mkubwa, unakwenda zake. Saa sita ilitukuta Mukono. Mwanamke aliyeketi nyuma yetu alimweleza dereva kwa Kiganda huyu ni nani na anaenda wapi. Dereva alikuwa na Kiswahili cha kuokota. Akaingiza gari kituo cha mafuta, akazima. "Senga na sweta? Hapana. Vaa." Wanawake watatu walishuka na mama nyuma ya ukuta, wakamzungushia kanga, wakamfunga mshipi, mmoja akamvua lesso aliyojifunga kichwani akamchania nywele kwa chanuo chake mwenyewe. Wanaume garini walinung'unikia kuchelewa, lakini mama aliporudi walipiga makofi.

Kwa Mjomba tulifika saa saba kasoro. Mahema mawili yalikuwa yanatazamana, wageni wa bwana harusi upande huu wamevaa kanzu, wenyeji upande ule, na msemaji wa shughuli alionekana amemaliza utani wake wote na kuanza kuurudia. Katikati alikuwa amesimama mwanamke nisiyemjua, ua mkononi. Walikuwa wameshaazima.

Mama hakungoja kukaribishwa. Alipita kati ya mahema, akasema kwa sauti, kwa lugha yao ya Busia, "Senga wa mtoto huyu ni mimi. Nimetoka kwao baba yake." Hakuna aliyeielewa isipokuwa mtu mmoja. Mzee mnene mwenye kanzu alisimama mstari wa mbele wa wenyeji, akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Mjomba Wandera. Alipoweza kusema, aliigeuza ile sentensi kwa Kiganda, lakini hakuishia hapo. Aliendelea, akawatajia jina la dada yake, la mama yao, la kijiji chao, mpaka msemaji akamwomba aketi. Vigelegele vilipasua mahema.

Mama akapokea ua. Akapiga magoti, akaamkia, kisha akaingia kati ya wanaume kutafuta. Sikujua mama yangu ni mcheshi. Alimshika kidevu mzee mmoja asiye na meno, akamtazama, akatikisa kichwa. Watu wakafa kwa kicheko. Alimpita bwana harusi mara mbili makusudi, na yule kijana akatoka jasho. Mara ya tatu akarudi, akamvisha ua, akamwinua.

Baadaye tulikula nyuma ya nyumba, sisi wawili, matoke kwenye jani la mgomba. Mama alikuwa bado kwenye gomesi.

"Kwa hiyo ulikuwa umekubali tu? Tuhame, uache shule, uache Mwende, tukakae na mwanaume ambaye hata jina hulijui?"

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeacha."

"Ningeacha nini?"

"Kuimba. Ukipika."

Alikuwa na tonge mkononi. Hakulipeleka mdomoni. "Mimi nilikuwa naimba?"

"Kila siku. Tangu Mjomba apige simu. Kabla ya hapo ulikuwa huimbi."

"Sikujua," akasema, akalirudisha tonge juu ya jani.

Wakaja kumwita senga akapigwe picha na maharusi. Aliinuka, akapangusa mikono, akakaza mshipi wake, akatangulia. Hatua tatu mbele alianza kuimba, chini chini, halafu akageuka kuangalia kama nimesikia.